Mwana wa Nani, au Amefanya Nini?

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu, nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kila mwaka huzungumzwa sana bwenini lakini haliandikwi. Jambo lenyewe ni uchaguzi wa viranja. Muhula ujao tutamchagua Kiranja Mkuu mpya, na tayari nasikia majina yakitajwa chini ya mwembe. Kila jina linapotajwa, swali la kwanza linaloulizwa ni hili: "Ni mwana wa nani?" Ikijibiwa kuwa ni mwana wa fulani na mjukuu wa fulani, wasikilizaji huitikia na kusema, "Ah, huyo katoka nyumba kubwa, atafaa." Mimi nasema kuwa swali hilo si baya, lakini halistahili kuwa la kwanza. La kwanza liwe, "Amefanya nini?"

Pengine wenzangu watauliza, huyu kijana wa Kidato cha Tatu ameipata wapi hekima hiyo? Nimeipata mahali pawili: katika vitabu, na katika kosa langu mwenyewe. Nitaanza na vitabu, maana kulieleza kosa langu ni kazi nzito, nami nataka nijikaze kwanza.

Katika maktaba yetu imo nakala moja kuukuu ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili, ukachapwa mara ya kwanza mwaka 1963. Niliusoma wakati wa likizo. Humo yumo mtu aitwaye Brutus, aliyekuwa rafiki wa Caesar, kisha akashiriki katika kumwua. Nikajiuliza, mtu mpole kama huyu alivutwaje hata akaingia katika njama ya damu? Nikaona kuwa Cassius, aliyemvuta, hakutumia maneno ya sasa tu. Alimkumbusha babu yake wa zamani. Alimwonyesha jina.

Nikamwomba mwalimu wetu wa historia anieleze zaidi, naye akaniazima vitabu. Habari ni hii. Katika Roma ya kale ulikuwako ukoo mmoja ulioitwa Junii, na tawi lake moja lilijulikana kwa jina la Bruti. Warumi walisimulia kuwa mwaka 509 kabla ya Kristo, mtu wa ukoo huo, Lucius Junius Brutus, aliwaongoza wenzake kumfukuza Tarquinius, mfalme dhalimu. Tangu hapo Roma ikawa jamhuri, ikiongozwa na wakuu wawili walioitwa makonsuli, wakichaguliwa kila mwaka. Brutus akawa mmoja wa wawili wa kwanza. Tena walisimulia kuwa wanawe wawili walipoingia katika shauri la kumrudisha mfalme, baba yao hakuwaficha wala hakuwaombea. Waliuawa kama wahaini wengine. Wanahistoria wa leo hawaisadiki habari hiyo yote neno kwa neno, lakini Warumi waliisadiki, na kwao jina la Brutus likawa na maana ya mtu asiyempendelea hata mwanawe.

Nyumba kubwa za Roma zilikuwa na desturi moja ya ajabu. Ziliweka sura za wazee wao waliopata vyeo, zimetengenezwa kwa nta. Alipokufa mtu wa nyumba hiyo, sura zile zilivaliwa na watu waliotangulia mbele ya jeneza, ikaonekana kana kwamba mababu wote wamekuja kumzika mjukuu wao. Basi kijana wa nyumba hiyo alipoomba kura, hakuwa amesimama peke yake mbele ya watu. Nyuma yake walisimama wafu. Kwa miaka mingi cheo cha konsuli kilizungukazunguka katika nyumba chache tu. Mtu aliyekipata bila ya kuwa na babu mwenye cheo aliitwa "mtu mpya", kama kwamba wengine wote walikuwa wamezaliwa wakongwe. Cicero, yule msemaji mashuhuri aliyekuwa konsuli mwaka 63 kabla ya Kristo, alikuwa mtu mpya.

Yule Brutus wa mchezo, yaani Marcus Junius Brutus, alizaliwa miaka mia nne na zaidi baada ya mzee Lucius. Mwaka 54 kabla ya Kristo alipewa kazi ya kusimamia sarafu, naye akaamuru uso wa mzee Lucius uchapwe juu ya fedha. Kwa hiyo kila aliyekwenda sokoni alimshika babu yake Brutus mkononi.

Sasa sikilizeni kilichokuwa nyuma ya sarafu. Brutus huyu aliukopesha fedha mji wa Salamis katika kisiwa cha Saiprasi, akitumia majina ya watu wengine, na riba yake ilikuwa 48 kwa mia kila mwaka. Watu wa Salamis waliposhindwa kulipa, wakala wake alipewa askari wapanda farasi, akawafungia wazee wa mji ndani ya nyumba yao ya baraza. Wazee watano wakafa kwa njaa. Habari hizi zimejulikana kwa sababu Cicero, alipokuwa liwali wa upande ule mwaka 51 na 50, aliziandika katika barua zake, na akaeleza jinsi alivyoshtuka alipoambiwa kuwa fedha zile ni za Brutus mwenyewe.

Lakini Roma haikumwuliza Brutus habari za Salamis. Ilimwuliza habari za babu yake. Watu waliandika maneno kwenye sanamu ya mzee Lucius, wakitamani kwamba angekuwa hai, ili mjukuu ayasome na aone haya. Tarehe 15 Machi mwaka 44, Brutus na wenzake wakamchoma Caesar visu barazani. Jamhuri haikupona kwa visu hivyo. Vita vikafuata, Brutus akashindwa huko Philippi mwaka 42 na kujiua, na mwishowe Roma ikawa chini ya mtu mmoja tu, kuliko hata ilivyokuwa chini ya Caesar. Mwaka 22 baada ya Kristo dada yake Brutus, aitwaye Junia, alipozikwa, sura za wazee wa nyumba ishirini kubwa zilichukuliwa katika mazishi yake. Sura ya Brutus haikuwamo, kwa kuwaogopa watawala. Kwa hiyo jina lililomwinua mbele ya watu likawa halichukuliwi hata katika mazishi ya dada yake.

Najua wako watakaosema, Roma ni mbali, na sisi ni watu wa Mafia. Haya, na turudi nyumbani.

Wengi wetu tumekwisha kusikia habari za Kisimani, kule pembe ya magharibi ya kisiwa chetu, ambako mji wa kale ulikuwapo na sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari. Bwana Neville Chittick alipachimba, na kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1961. Huko zimepatikana sarafu ndogo za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, mtawala wa Kilwa. Upande mmoja pana jina lake, na upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zimetungwa kwa vina. Sarafu za fedha zenye jina hilo hilo zilipatikana kwa wingi Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, nazo ziliwafanya wataalamu wamweke Ali katika karne ya 11. Tazameni basi: mjumba mmoja Roma na mjumba mmoja pwani yetu, hawakujuana, miaka elfu moja na zaidi kati yao, na wote wawili walijua kuwa ukitaka jina likae, lichape juu ya pesa.

Kitabu cha kale cha habari za Kilwa kinasimulia kuwa Ali na nduguze walitoka Shiraz katika Uajemi kwa majahazi, na kwamba kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo kwa mwenye nchi aliyekuwapo. Kinasimulia pia kuwa mwana wa nyumba hiyo alitawala hapa Mafia. Ndiyo asili ya maneno tunayoyasikia mpaka leo: "Sisi ni Washirazi, ninyi ni wakuja." Lakini mwaka 2023 wataalamu walitoa katika jarida la Nature matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu wa kale wa pwani, wakiwamo wa Kilwa na Songo Mnara. Walikuta kuwa ni kweli damu ya Uajemi imo, nayo imeingia zaidi kwa upande wa baba tangu kiasi cha mwaka 1000. Lakini kwa wengi wao nusu na zaidi ya damu ni ya Kiafrika, nayo imetoka zaidi kwa mama. Basi wale waliojenga majumba yale walikuwa na mama wa hapa hapa, na hao mama hawakuandikwa katika nasaba wala katika sarafu. Nasaba nyingi tunazojivunia ni nusu ya habari tu.

Tena nasaba haitoi dhamana ya tabia. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta sultani al-Hasan bin Sulaiman wa nyumba ya Mahdali, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia kuwa fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizokuwa amevaa, na sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwana wa sultani akazinunua tena kwa fakiri kwa watumwa kumi, na sultani aliposikia watu wanavyosifu, akamwongezea watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Alipokufa, ndugu yake Daud akatawala. Baba zao wale wale, nyumba ile ile. Lakini Daud, maskini alipomjia, alimjibu kuwa mtoaji amekwisha kufa wala hakuacha kitu cha kutolewa. Kama watu wa Kilwa walimkubali Daud kwa sababu ya nasaba, walijua siku ile kuwa nasaba haimfungui mtu mkono.

Nami naongeza neno moja. Wale watumwa ishirini waliopewa fakiri walikuwa wana wa watu pia. Ibn Battuta mwenyewe anasema sultani huyo alikuwa akishambulia nchi za bara na kuchukua mateka. Kwa hiyo hata sifa ya ukarimu yafaa tuiulize: alitoa kitu gani, na alikipata wapi?

Wako waliopanda bila nasaba, nao wengine walijua adabu kuliko wenye nasaba. Wareno walipofika Kilwa kwa nguvu, Vasco da Gama mwaka 1502 na Francisco de Almeida mwaka 1505, mji ulikuwa mikononi mwa Amiri Ibrahim, ambaye hakuwa mrithi wa kiti, maana sultani wa haki, al-Fudail, alikuwa ameuawa. Almeida aliupora mji, Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamtawaza mtu mwingine, Muhammad Ankoni, ambaye naye hakuwa wa damu ya wafalme. Wareno wenyewe waliandika kuwa Ankoni, ingawa alikuwa na wanawe, aliomba kiti kirudi baada yake kwa mwana wa al-Fudail. Sisemi kuwa alikuwa mtu asiye na kosa, kwani alivikwa taji na wageni waliopora mji wake. Lakini katika jambo hilo moja alikumbuka kuwa kiti si mali ya wanawe. Mwaka uliofuata akauawa, na fitina za nani mwenye haki zikauangusha mji zaidi. Mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao, na Kilwa haikupata tena nguvu ile ya kwanza.

Na sisi hapa tunayo habari yetu, ambayo kila mtoto wa kisiwa hiki ameisikia kwa bibi yake. Ilikuwako miji miwili yenye nyumba kubwa, Kisimani na Kua, nayo haikupendana. Wazee husimulia kuwa mji mmoja ulijenga chombo kizuri, ukawaalika watu wa mji wa pili katika karamu ya kukishusha majini. Wageni walipofika, watoto wao walikamatwa, wakafungwa na kulazwa mchangani badala ya magogo, na chombo kikashushwa juu yao. Mji uliotendewa ulinyamaza kwa miaka. Kisha nao ukaalika wenziwao arusini, ukawaweka wakubwa wao katika chumba cha chini. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu akiwazungumza wageni, na mlango ukajengwa kwa mawe, naye ndani.

Sitataja ni mji upi ulianza, maana wajukuu wa pande zote mbili tunakaa nao dawati moja. Wala sijui ni kiasi gani cha habari hii kilitokea hivyo hasa. Lakini nimekwenda Juani pamoja na darasa letu, nikayaona magofu ya Kua: misikiti, makaburi, na jumba la watawala limeshikwa na mizizi ya miti. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Bukini walikuja na ngalawa zao, wakaupiga mji ule, wakaua na kuchukua mateka. Hawakuuliza nani ni wa nyumba kubwa na nani ni mvuvi. Nilisimama pale nikafikiri juu ya yule mzee aliyebaki chumbani. Kwa heshima ya ukoo alikubali kufa, na kwa heshima ya ukoo aliua. Hakuna hata mmoja katika mji aliyesimama akauliza, "Tumefanya nini?" Wote walijua tu wao ni wana wa nani.

Sasa nimefika mahali pa kosa langu.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na wazee wengi wa Kilindoni wanamjua. Hakupata kuvunja chombo wala kula amana ya mtu. Nilipoingia shule hii, nilikuta jina lake limekwisha kufika kabla yangu. Kidato cha Pili nikachaguliwa kuwa kiranja wa maji, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyeniuliza kama naweza kuamka mapema. Walisema, "Mjukuu wa nahodha, maji ni yake." Tukacheka, nikapewa ufunguo wa tangi.

Mwezi wa Februari uliofuata, kaskazi imeshika na mvua hakuna, usiku mmoja sikuenda kufunga bomba. Nilijua ni zamu yangu. Nilikuwa nimelala, nikasema moyoni nitakwenda baadaye, na usingizi ukanichukua. Asubuhi tangi lilikuwa tupu na uwanja umelowa. Mwalimu wa zamu akatukusanya, akauliza nani aliyechota maji wa mwisho. Mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza akainua mkono kwa uaminifu, akasema ni yeye, lakini alipoondoka alikuwa amekwisha kulifunga bomba kama kawaida. Mimi nilijua kuwa bomba lile lilikuwa bovu, halishiki mpaka lifungwe kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa chini ya mto wangu. Nikanyamaza. Mtu mmoja akauliza kama kiranja alilikagua tangi usiku. Kabla sijafungua kinywa nikasikia mtu akinijibia: mjukuu wa nahodha hawezi kufanya uzembe kama huo.

Basi yule mtoto, ambaye mama yake hutafuta pweza mwambani na ambaye jina la babu yake hakuna anayelijua hapa, akaadhibiwa. Wiki nzima alichota maji kisimani kwa ndoo. Na mimi kiranja nilisimama kisimani kuhesabu ndoo zake. Wenzangu, sikuogopa adhabu. Niliogopa kuwa jina la babu litachafuka. Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kuwa jina la babu lilikuwa pazia, nami nilikuwa nyuma ya pazia hilo nimejificha.

Nilipousoma ule mchezo na habari za Salamis, sikulala vizuri. Mimi si Brutus, na ndoo za maji si wazee watano waliokufa kwa njaa. Lakini namna ni ile ile: watu hawakutazama nilichofanya kwa sababu macho yao yalikuwa kwa babu yangu. Likizo ilipofika nikamweleza Babu. Nilidhani atanikaripia. Alinyamaza kitambo akitengeneza kamba, kisha akaniambia kuwa jina ni kama jahazi la kurithi. Aliyekuachia alilitia kalafati kila mwaka, na wewe usipolitia, siku litakapozama watu watasema jahazi lile lilikuwa bovu tangu mwanzo. Kisha akaniuliza jina la yule mtoto. Nikamtajia jina lake moja. Akaniuliza la baba yake, nami sikulijua. Akasema, "Basi nenda ukamwulize."

Nilirudi, nikamwambia Mkuu wa Shule ukweli wote, nikapewa adhabu yangu, na naandika haya kwa idhini yake. Nilimwomba radhi yule mdogo wangu mbele ya bweni. Alisema, "Yamekwisha, kaka." Lakini siku hizi akichota maji hunitazama kwanza kama nimesimama karibu, nami najua kuwa hayajaisha. Yatakwisha kwa matendo.

Sasa nirudi kwenye uchaguzi. Wako wanaosema kuwa mtoto wa nyumba njema amelelewa vema, kwa hiyo tumchague. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Sikatai. Malezi ni mali kubwa, na haya ya kuwaaibisha wazee humzuia kijana asifanye mabaya mengi. Lakini malezi mema huonekana kwa matendo. Kama yamo, tutayaona. Tukiyaona, hatuna haja ya kuuliza nasaba. Na kama hayaonekani, nasaba itatusaidia nini? Wala sisemi tuwakatae watoto wa nyumba kubwa. Kumkataa mtu kwa sababu ya babu yake ni kosa lile lile limegeuzwa ndani nje.

Wazee wetu wa taifa walikwisha kulifikiri jambo hili. Mwaka 1963, mwaka ule ule uliotolewa ule mchezo wa Mwalimu, Tanganyika ilifuta kwa sheria utawala wa machifu. Na Mwalimu mwenyewe alikuwa mwana wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki. Angeweza kusema, "Mimi ni mwana wa fulani." Badala yake alishiriki kuufunga mlango ambao yeye mwenyewe angeweza kupitia, na mwaka 1985 akashuka katika urais kwa hiari yake. Kwa maoni yangu huo ndio ukoo mkubwa: ule unaoacha mlango wazi kwa mtoto wa mtu mwingine.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. La kwanza, kila anayetaka uongozi asimame mbele yetu aeleze kazi aliyokwisha kuifanya hapa shuleni, iwe ni kufagia bwalo, kuwafundisha wadogo hesabu, au kutunza bustani, na waliomwona washuhudie. La pili, kiranja akikosea, aulizwe kama mwanafunzi mwingine yeyote. Asijibiwe na mtu, wala asijibiwe na babu yake. La tatu, wazazi wetu mnaosoma gazeti hili, mnapotuletea chakula siku ya kutembelewa, tafadhali msituambie kuwa sisi ni bora kuliko watoto wa jirani kwa sababu ya asili yetu. Tuambieni ni kazi gani iliyofanya jina la babu lipendwe, nasi tuifanye.

Mwisho, wenzangu wameniambia kuwa jina langu limo katika majina ya Kiranja Mkuu. Nawashukuru kwa mapenzi yao, lakini naomba liondolewe. Muhula ujao nimeomba nirudishiwe kazi ya kufunga tangi, bila cheo, mpaka nimalize Kidato cha Nne. Wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mimi niliupata unahodha kabla ya ubaharia, sasa narudi kujifunza.

Na siku ya kupiga kura, mkisikia mtu ananong'ona chini ya mwembe, "Huyu ni mwana wa nani?", mjibuni kwa adabu: tutamwuliza baadaye, ndugu yetu. Kwanza tuambie amefanya nini.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu